Sala ya usiku inayoleta usingizi, na ile inayoufukuza

Wakristo wengi husali kabla ya kulala, na wengi wao hugaagaa kitandani hadi saa nane usiku. Ukiwauliza, watakuambia wameomba sana. Mara nyingi hapo ndipo penye tatizo. Wameomba wakiwa wamelala, taa imezimwa, wakizipanga upya shida za mchana mbele za Mungu: ada ya mtoto, kodi ya nyumba, ugomvi na shemeji. Kila shida inapotajwa mwili huitikia kana kwamba inatokea sasa hivi. Mapigo ya moyo huongezeka, mabega hukaza, na mwili uliojiandaa kwa mapambano haulali. Mambo yakienda hivyo kwa wiki kadhaa, ubongo huzoea kwamba kitanda ni mahali pa kikao. Ndiyo maana mtu husinzia vizuri kwenye kochi sebuleni, lakini akigusa mto tu, usingizi unaruka.

Zaburi ya 4 inamalizika hivi: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara." Mwenye kuiimba ana maadui na ana manung'uniko, ila ameshayasema yote kabla ya kufika hapo. Aya ya 4 inamruhusu mtu kutafakari kitandani, lakini inaongeza: "na kutulia." Sala ya usiku ni ya kukabidhi. Ukishakabidhi mzigo, huendelei kuupapasa.

Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alimkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Tazama alichopewa, na kwa mpangilio gani. Kwanza alilala. Malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Mungu alikozungumza naye. Usingizi, chakula, maji, usingizi tena, kisha mazungumzo. Wanaowahudumia waliovunjika moyo wasiupindue mpangilio huu kwa kumpa mfungo mtu ambaye tayari siku tatu hajala wala hajalala.

Watawa Wabenediktini wana utaratibu wa kuufunga mchana uliodumu tangu karne ya 6. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza sala ya mwisho wa siku, kompleta, yenye zaburi tatu zilezile kila usiku: ya 4, ya 91 na ya 134. Sura ya 42 inaagiza kimya baada ya sala hiyo. Zaburi zisizobadilika hukaa kichwani, hivyo huhitaji taa kali wala kuchagua cha kusoma. Tanzania wamishonari Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na sehemu zote mbili zina abasia, yaani makao makubwa ya watawa, na hospitali. Kengele ya sala na wodi ya wagonjwa hukaa jirani.

Nyumbani inatosha kufanya hivi. Ukikusudia kulala saa nne usiku, anza saa tatu na nusu, ukiwa umekaa kwenye kiti. Simu ibaki chumba kingine, maana anayesoma Zaburi kwenye simu huona na ujumbe wa mwenye kumdai. Chukua daftari, na kwa dakika 10 andika yanayokusumbua, kila moja na hatua yake ya kesho: "Ada: kumpigia mwalimu mkuu saa nne asubuhi." Lisilo na hatua yoyote, kama ugonjwa wa mama, liandike jina tu. Soma Wafilipi 4:6, "haja zenu na zijulikane na Mungu," kisha funga daftari. Haja iliyojulikana haihitaji kurudiwa usiku huo. Halafu taja jambo moja la kushukuru lenye sura na mahali, si "asante kwa yote", na kosa moja la siku hiyo, uombe msamaha. Moja linatosha. Mtu anayehesabu dhambi zilezile kila usiku na kutoamini amesamehewa hata baada ya kuungama, huenda ana maradhi ya wasiwasi uliopitiliza. Huyo anamhitaji daktari pamoja na mchungaji wake. Malizia na zaburi, polepole.

Huo upolepole una kazi mwilini. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, waliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni kati ya 12 na 20. Mfumo unaosawazisha shinikizo la damu nao uliitikia vizuri zaidi. Katika rozari, ambapo Salamu Maria hurudiwa kwa kuhesabu shanga, sala hiyo husaliwa kwa kupokezana: kiongozi nusu, waitikiaji nusu, na kila mzunguko huchukua kama sekunde 10. Rozari inayokimbizwa kama konda anayeita abiria haileti hali hiyo. Asiyesali rozari atumie aya ile ya Zaburi ya 4: vuta pumzi kwa puani sekunde 4, kisha toa kwa sekunde 6 ukisema moyoni "Katika amani nitajilaza". Vuta tena, toa ukisema "na kupata usingizi mara". Fanya kwa dakika 5. Ukihisi kizunguzungu, unavuta pumzi kubwa mno. Punguza kiasi, usiongeze kasi.

Kahawa na chai nzito ziishie saa tisa alasiri. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, hivyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kiko nusu damuni saa tano usiku.

Ukiamka katikati ya usiku, usitazame saa. Ukikadiria kwamba kama dakika 20 zimepita hujalala, ondoka kitandani, kaa kitini kwenye mwanga hafifu, sema Zaburi ya 134. Ina aya tatu tu, na inawahusu watumishi wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana: zamu ya usiku ina wenyewe. Rudi kitandani usingizi ukija.

Mikesha inahitaji busara zaidi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi wa kuitikia kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kisha alfajiri anapanda bodaboda, au ndiye dereva wake. Mwenye kifafa anaweza kupata degedege kwa kukosa usingizi usiku mmoja. Mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) anaweza kulipuka: halali zaidi ya saa mbili tatu kwa siku kadhaa, hachoki, anaongea mfululizo, anasema Mungu amempa kazi ya pekee. Familia huona ni upako na kumwongezea mikesha. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aende hospitali pia anayekosa usingizi usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, au aliyepoteza furaha wiki 2 mfululizo. Anayetamani kufa asisubiri hata kesho.

Kuhusu dawa, tuseme wazi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, na kuombewa na watu wasiowajua hakukupunguza matatizo ya baada ya upasuaji. Hilo halitushangazi wala halituzuii kuwaombea wagonjwa, kwa sababu sala si dozi. Yoshua bin Sira, kitabu kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, sura ya 38, anamwambia mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Hakuna mchungaji, padre wala nabii mwenye mamlaka ya kumsimamishia mtu dawa za kufubaza virusi, kifafa au shinikizo la damu. Anayeamini amepona apimwe kliniki huku akiendelea kumeza. Anayetumia insulini asifunge bila kuonana na daktari, sukari inaweza kushuka akiwa ibadani. Na ikiwa daktari ameandika kidonge kimezwe usiku, kiweke na glasi ya maji pembeni ya daftari la sala, ukimeze kabla ya kuanza zaburi.