George Foreman: yanayosemwa vijiweni Dodoma na yaliyotokea ulingoni

Kila jina la George Foreman linapotajwa katika vijiwe vya Dodoma, iwe Majengo, Chang'ombe au jirani na Uwanja wa Jamhuri, mazungumzo huishia Kinshasa, mji mkuu wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), ambako bondia huyo Mmarekani alipigana na Muhammad Ali mwaka 1974. Hata alipofariki Machi 21, 2025 akiwa na umri wa miaka 76, wengi walimkumbuka kama mtu aliyepigwa na Muhammad Ali, basi. Ali anastahili sifa zote za usiku ule, lakini bondia aliyepanda ulingoni mara 81 katika ngumi za kulipwa, akashinda mapambano 76, kati ya hayo 68 kwa KO, yaani kwa kumwangusha mpinzani au kumfanya ashindwe kuendelea, hawezi kupimwa kwa pambano moja. Dhana nyingi potofu zinazomhusu, na baadhi ya zile zinazohusu uzito wa juu kwa jumla, zimetokana na kipimo hicho.

Tuanze na usiku wenyewe. Wapo wazee wetu wanaosimulia kwamba walilitazama pambano hilo moja kwa moja. Oktoba 30, 1974 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na haikukipata hadi miaka ya 1990. Watu walikuwa na redio na magazeti, na picha walizonazo akilini leo zinatokana na kanda za video zilizokuja baadaye. Pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili liwafae watazamaji wa Marekani, kwa hiyo hapa Dodoma ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Sisemi haya ili kumsuta mzee yeyote. Vipande hivyo vya video, ambavyo siku hizi vimekatwakatwa zaidi ili vienee kwenye simu, ndivyo vilivyozaa dhana kubwa kuliko zote: kwamba Ali aliegemea kamba za ulingo raundi zote, akamwacha mwenzake apige mpaka achoke, kisha akamwangusha.

Anayelitazama pambano lote ataona mambo mengine. Katika raundi ya kwanza Ali ndiye aliyetangulia kushambulia, tena kwa mkono wa kulia bila kuutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia mwenye busara hulifanya kwa nadra kwa sababu ngumi hiyo husafiri mbali na humwacha mpigaji wazi. Kamba zilifuata baadaye, na hata alipoziegemea hakuwa amelala: alimshika Foreman shingoni na kumkandamiza kichwa, akapokea ngumi nyingi kwa mikono na viwiko, na kila raundi ilipokaribia kwisha alijibu kwa mfululizo mfupi wa ngumi safi ambazo waamuzi walizihesabu. Hadi raundi ya saba inamalizika, alikuwa akiongoza katika kadi za waamuzi wote watatu. Foreman alikuwa anashindwa tangu mapema, na uchovu ulimkuta akiwa tayari nyuma. KO ya raundi ya nane ilikamilisha kazi iliyokuwa imekwisha kuanza.

Kuhusu kuahirishwa kwa pambano hilo, ambalo awali lilipangwa Septemba 25, hakuna haja ya kutafuta hila za Mobutu, rais wa Zaire wakati huo. Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na jeraha la namna hiyo haliponi kwa siku chache.

Dhana inayofuata ni kwamba Foreman alikuwa na nguvu tu, hana ujuzi. Huyu alikulia katika mtaa wa kimaskini wa Houston, akaacha shule, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa kijana mkorofi wa mitaani hadi alipojiunga na mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafunza kazi vijana, ambako ndiko alikoanza ngumi. Hazikupita hata miaka mitatu akawa amechukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968. Januari 22, 1973 mjini Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili na kumnyang'anya ubingwa wa dunia. Frazier huyo alikuwa hajapoteza pambano lolote la kulipwa, na alikuwa amemshinda Ali mwaka 1971. Ukitazama kwa makini utaona Foreman akimsukuma Frazier mabegani kwa mikono miwili ili apate nafasi ya kurusha, maana Frazier alikuwa hatari akiwa karibu, kisha akimpiga kutoka chini kwenda juu pale alipoinama. Vilevile alijua kumfungia mpinzani njia, akipiga hatua za pembeni badala ya kumfuata nyumanyuma, hadi mtu anajikuta konani bila kujua amefikaje. Vijana wetu wanaopiga begi lililojazwa nguo chakavu wakidhani wanamwiga Foreman kwa kurusha kila ngumi kwa nguvu zote wamechukua nusu ya mtu huyo, tena nusu iliyo rahisi.

Hapa pana jambo la uzito ambalo huleta mabishano yasiyo ya lazima. Kijana mwenye kilo 85 hujitangaza kuwa wa uzito wa juu kwa kuwa amesoma kwamba mabingwa wa zamani walikuwa na uzito huo. Walikuwa nao kweli, kwa sababu katika miaka ya mwanzo ya Foreman uzito wa juu ulianzia pale uzito wa chini yake ulipoishia, yaani kilo 79.4. Uzito wa kruza, daraja lililowekwa kati ya hizo mbili, ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, mpaka huo ulianza kusogea, na leo katika ngumi za kulipwa uzito wa juu ni zaidi ya kilo 90.7, bila kikomo upande wa juu. Foreman mwenyewe alipigana Kinshasa akiwa na takriban kilo 100, na miaka 20 baadaye alikuwa na takriban 113.

Husemwa pia kwamba Kinshasa ilimmaliza. Ilimtikisa, hilo halina ubishi, na kwa miaka kadhaa aliishi na visingizio vya kamba zilizolegea na maji yenye dawa. Lakini mwaka 1976 alimpiga Ron Lyle katika pambano ambalo kila mmoja wao alikwenda chini, na mwaka huohuo akampiga Frazier kwa mara ya pili. Kilichomwondoa ulingoni ni kushindwa kwa pointi na Jimmy Young mjini San Juan, Machi 17, 1977. Katika chumba cha kubadilishia nguo, akiwa amezidiwa na joto, alipatwa na hali aliyoieleza maisha yake yote kuwa ni kukutana na Mungu. Aliacha ngumi, akawa mhubiri Houston, na akakaa nje ya ulingo kwa miaka 10.

Aliporejea mwaka 1987 akiwa na miaka 38 na kilo zaidi ya 120, watu walimcheka, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba alirudi kwa sababu alikuwa amefilisika. Alihitaji fedha, lakini sababu aliyoitoa mwenyewe ni kituo cha vijana alichokuwa amekianzisha Houston, ambacho hakikuwa na namna nyingine ya kujiendesha.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile inayouita ushindi wake wa Novemba 5, 1994 ngumi ya bahati. Mpinzani alikuwa Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 anayetumia mkono wa kushoto. Foreman, mwenye miaka 45, alivaa bukta nyekundu ileile ya Kinshasa na alikuwa nyuma katika kadi zote tatu hadi raundi ya kumi. Hayo ndiyo yanayotajwa. Kisichotajwa ni kwamba raundi baada ya raundi alikuwa akipeleka ngumi ya kushoto usoni na kumfanya Moorer azoee kusimama mahali pamoja, huku kocha wa Moorer, Teddy Atlas, akimfokea bondia wake konani kwa kukaa karibu. Katika raundi ya kumi Foreman alipiga kushoto na kulia mara kadhaa kwa mpangilio uleule, kisha mkono wa kulia uliokuwa mfupi, usio na mbwembwe, ukatua kidevuni. Moorer alihesabiwa hadi kumi akiwa chali. Foreman akawa bingwa mzee kuliko wote katika historia ya uzito wa juu. Mtu akirudia kazi moja kwa raundi tisa ikazaa katika ya kumi, sioni bahati inaingilia wapi.

Kuhusu utajiri wake, ngumi zilimlipa, lakini jiko la umeme la kuchomea nyama lenye jina lake lilimlipa zaidi. Hakulibuni yeye, aliliuza kwa jina na tabasamu lake, na mwaka 1999 kampuni iliyolitengeneza ilinunua haki ya kutumia jina hilo kwa zaidi ya dola milioni 130. Jiko hilo limeinamishwa ili mafuta yachuruzike, jambo ambalo wachoma nyama wa hapa mjini wangeliona ni upotevu.

Mwisho, wengi hudhani alistaafu akiwa na mikanda ile ya 1994. Ule wa WBA, moja ya mashirikisho ya ngumi yanayotoa ubingwa wa dunia, alinyang'anywa kwa kukataa kupigana na Tony Tucker, na wa IBF, shirikisho jingine la aina hiyo, akauacha baada ya ushindi wake wenye utata dhidi ya Mjerumani Axel Schulz mwaka 1995 kuzua madai ya kurudiana. Hakuna aliyemvua mkanda hata mmoja kati ya hiyo ulingoni. Aliendelea kupigana hadi Novemba 22, 1997, akiwa na miaka 48, aliposhindwa kwa pointi na Shannon Briggs: waamuzi wawili walimpa Briggs, wa tatu akatoa sare, na ukumbi ukazomea matokeo.