Chumvi, Magadi na Sumu: Pima Udongo Kabla ya Kumwaga Chochote Shambani

Kila Siku ya Udongo Duniani, tarehe 5 Desemba, inapokaribia, maabara yetu hupokea sampuli kwa wingi, na malalamiko kwa wingi zaidi. Safari hii lalamiko kubwa ni moja: mbolea ni feki, nimetia mara mbili na mimea imezidi kuungua. Mbolea feki zipo, hatukatai. Lakini sampuli nyingi zinazofika mezani kwetu zinaeleza habari nyingine. Shamba lilikuwa na chumvi tangu mwanzo, na mbolea ya viwandani nayo ni chumvi. Mkulima ameongeza chumvi juu ya chumvi, mizizi ikashindwa kuvuta maji, mmea ukanyauka huku udongo una unyevu.

Katika maeneo makavu chumvi hupanda yenyewe. Jua hukausha tabaka la juu, maji ya chini hupanda kulifuata, yakifika juu huwa mvuke na kuacha chumvi yaliyoibeba. Ndiyo maana matandazo ya majani makavu husaidia kuliko watu wanavyodhani: yanapunguza huo mvuke.

Sasa tutofautishe chumvi na magadi, maana hapa ndipo watu wanapoteza fedha. Udongo wa chumvi ni ule ambao maji yaliyokamuliwa kwenye tope lake yanapitisha umeme kwa kiwango cha desisimensi 4 kwa mita au zaidi. Udongo wa magadi ni ule ambao sodiamu imeshika zaidi ya asilimia 15 ya nafasi ambazo udongo hutumia kushikilia virutubisho, na pH yake (kipimo cha uchachu; ikiwa juu, uchachu ni mdogo) kwa kawaida huvuka 8.5. Wa kwanza huacha ukoko mweupe na mara nyingi bado ni tifutifu. Wa pili hufunga kama saruji, maji hutuama juu yake siku nzima, na wakati mwingine huwa na rangi nyeusi juu kwa sababu mboji imeyeyuka.

Kipimo cha awali unaweza kufanya mwenyewe. Chukua donge kavu la udongo, kubwa kama punje ya mahindi, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Rudi baada ya saa mbili. Donge likimomonyoka lakini maji yakabaki maangavu, tatizo si magadi, ingawa chumvi inaweza kuwepo. Ukiona wingu kama la maziwa limetanda kuzunguka donge, shuku magadi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara, naomba hilo lieleweke.

Chumvi huondolewa kwa maji na kwa kitu kingine chochote haiondoki. Maji mazuri yenye kina sawa na kina cha udongo unaousafisha huondoa takribani asilimia 80 ya chumvi. Yaani sentimita 30 za maji kwa sentimita 30 za udongo, yakimwagwa kwa awamu. Sharti lake ni mfereji wa kuyatoa. Bila mfereji unainua maji ya chini ya ardhi, na chumvi itarudi ikiwa na wenzake. Ukisubiri, chagua zao: maharage huanza kupunguza mavuno kipimo cha chumvi kikifika desisimensi 1 tu kwa mita, mahindi 1.7, pamba 7.7, shayiri 8.

Magadi dawa yake ni jasi (unga wa madini ya kalsiamu na salfa), kisha maji. Kalsiamu ya jasi huiondoa sodiamu mahali ilipojishika, maji huisukuma chini. Ukitanguliza maji matupu udongo hutawanyika na kuziba zaidi. Na narudia, kwa sababu tumelijibu swali hili mpaka tumechoka: chokaa si jasi. Zote nyeupe, zote zina kalsiamu, lakini chokaa ya shambani karibu haiyeyuki kabisa kwenye pH ya juu. Chokaa ni ya udongo wenye uchachu. Kuimwaga kwenye magadi ni kuipaka ardhi rangi.

Samadi ni nzuri kote kote, ila iwe imeoza vizuri. Mbichi ina chumvi zake.

Upande wa udongo uliochafuliwa tunakwenda kwa tahadhari zaidi. Mafuta yaliyomwagika huliwa na bakteria, ukiwapa hewa, unyevu, naitrojeni na fosforasi. Risasi (ile metali), kadmiamu na arseniki, ambazo ni sumu, haziliwi na yeyote. Haziozi. Anayesema samadi “inaua sumu” anachanganya mambo: mboji inaweza kuifunga kwa muda, lakini sumu bado ipo. Chokaa hupunguza kadmiamu inayoingia kwenye mmea, ila arseniki huweza kuachiliwa zaidi pH inapopanda. Mbolea ya fosfeti huifunga risasi, na hiyohiyo huibandua arseniki kwenye udongo. Dawa ya jirani yako inaweza kuwa madhara kwako.

Kuna wanaouliza juu ya mimea inayofyonza sumu. Ipo. Mwaka 2001 watafiti walieleza jinsi kangaga liitwalo Pteris vittata linavyokusanya arseniki kwenye majani yake. Lakini huchukua misimu mingi, na majani hayo yakishavunwa ni taka hatari: hayalishwi mifugo wala kutupwa kwenye shimo la mboji. Japani, katika bonde la mto Jinzu, kadmiamu ya mgodini iliingia kwenye mashamba ya mpunga na kuleta ugonjwa wa itai-itai, unaolegeza mifupa na kuuma sana, ambao serikali iliutambua mwaka 1968. Mashamba hayo yalibadilishwa udongo wa juu, na kazi ikakamilika mwaka 2012.

Tuje kwenye sampuli, ambako tunakataa nyingi. Tembea zigizaga, chukua sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 0 hadi 20. Kwa chumvi ongeza sampuli ya kina cha sentimita 20 hadi 40, kwenye mfuko wake. Usichukue kwenye kichuguu, njia, zizi la zamani wala karibu na rundo la samadi. Tumia ndoo ya plastiki, kwani ya bati hutoa zinki. Changanya, gawanya mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, rudia hadi ibaki nusu kilo. Anika kivulini. Kama unashuku mafuta, usianike kabisa: jaza chupa ya kioo hadi mdomoni, funga, iweke kwenye baridi. Mfuko uliowahi kubeba mbolea haupokelewi hata ukiwa umeoshwa.

Ikiwa unakusudia kumdai aliyechafua ardhi, usichukue sampuli peke yako. Kanuni ya 16 ya Azimio la Rio la 1992, la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, inataka mchafuzi abebe gharama, lakini madai husimama kwa ushahidi: mchukuaji anayetambulika, mfuko uliofungwa kwa lakiri, fomu yenye saini ya kila aliyeushika na saa aliyoupokea. Lakiri ikikatika njiani, tutapima na majibu utapata, ila fomu itaandikwa “haikukidhi”, na hatuwezi kuibadilisha kwa kubembelezwa. Kwa mazao, Kodeksi ya chakula (viwango vya kimataifa vya chakula) inaruhusu miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadmiamu kwa kilo ya mboga za majani. Yanayovuka huweza kuzuiwa sokoni au kuteketezwa kwa mujibu wa sheria za nchi husika.

Lebo iandikwe kwa penseli, iwekwe moja ndani na nyingine nje. Wino hufutika mfuko unapotoa jasho. Na majibu yakitoka, fungua ukurasa wa pili. Mapendekezo yako huko, na wengi hurudi kutuuliza yaliyokwisha kuandikwa.