Jino la chonge halijafungwa kamba kwenye jicho

Jumanne iliyopita mzee mmoja aliketi kwenye kiti changu, shavu limefura hadi jicho la kushoto limebaki mwanya tu. Chonge la juu, mzizi umekufa, usaha umejaa. Kazi isiyo ndefu. Lakini mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na karatasi tatu alizochapisha saiba, akaniambia kwa heshima zote: "Samahani daktari, si kwamba hatukuamini. Lakini hapa imeandikwa kuna mtu alidungwa ganzi ya jino la juu akapofuka."

Hili la kwamba kung'olewa jino la juu huua macho nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Nimelisikia kwa mama mboga, kwa wakili na, Mungu anisamehe, kwa nesi. Zamani ushahidi ulikuwa "jirani yetu kule ushago". Siku hizi unakuja na jina la jarida, na hapo ndipo uvumilivu wangu umeishia.

Anatomia niimalize upesi. Neva ya kuona ni ya pili kati ya neva za kichwa. Meno ya juu yanahudumiwa na tawi la neva ya tano, ambalo hupita kwenye sakafu ya tundu la jicho likielekea shavuni. Ndiyo maana jino la juu likiuma unahisi jicho linataka kutoka. Maumivu yanapita jirani na jicho, kuona kuna njia yake. Basi.

Sasa zile karatasi. Nilizisoma palepale. Ilikuwa ripoti ya kisa kimoja: mgonjwa alidungwa, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, baadaye ukarudi. Visa vya aina hii vipo, sivikatai. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ganzi iliingia ndani ya ateri kwa nguvu, ikarudi nyuma hadi kwenye matawi yanayolisha jicho, au ilipenya nyuma ya taya la juu ikafikia misuli na neva za jicho. Kwa kawaida ganzi ikiisha, tatizo nalo huisha. Kwa hiyo tuelewane: aliyeshtakiwa pale ni sindano. Jino lenyewe lilikuwa bado limekaa kwenye taya. Kijana alikuwa amepaka wino wa njano neno "upofu", akaliruka neno "wa muda" lililokuwa linalifuata.

Lakini si kusoma vibaya kunakonichosha. Kinachonichosha ni imani kwamba kitu kikichapishwa kimethibitishwa. Jarida halichapishi kisa kwa kuwa kinatokea sana. Linakichapisha kwa kuwa hakitokei. Hakuna mhariri atakayepokea makala isemayo tulimng'oa mama mmoja gego, akaenda nyumbani, jioni akanywa uji. Gazeti nalo haliandiki matatu iliyofika Rongai salama. Ripoti ya kisa inakupa namba ya juu, yaani waliopatwa, mmoja, na namba ya chini, yaani wote waliotibiwa, haipo kabisa. Mmoja kati ya wangapi? Mia? Milioni? Karatasi haisemi, na aliyeiandika hakuahidi kusema.

Kazi ya kisa ni kupiga kengele, na kuna kengele zilizokuwa za kweli. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, ambao mara nyingi dalili yake ya kwanza ilikuwa meno yanayolegea. Angeishia hapo, tungekuwa na picha za kutisha tu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika wakiuliza swali moja: mnauona uvimbe huu? Majibu ya "hapana" yalikuwa na thamani sawa na ya "ndiyo", kwa sababu yalionyesha kwamba nyanda za juu zenye baridi hazina ugonjwa huo kama nyanda za chini zenye joto na mvua. Baadaye malaria ikaingia kwenye maelezo, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo. Kwetu wa meno kuna mfano wa karibuni zaidi. Mwaka 2003 Robert Marx wa Miami aliandika barua kuhusu wagonjwa 36 waliokuwa wakitumia bisfosfoneti, dawa za kuzuia mifupa isiliwe, mfupa wa taya ukawa umefichuka na haufunikiki tena. Watu wakaenda kuhesabu. Leo mgonjwa wa saratani au wa mifupa myepesi akija kung'olewa, namuuliza anatumia dawa gani kabla sijagusa koleo. Kengele ililia, na kuna watu waliotoka kwenda kuangalia.

Sasa niwageukie wenzangu, maana nao hawajambo. Daktari kijana humjibu mgonjwa kwa kifua: "Nimeng'oa meno maelfu, hakuna aliyepofuka." Hilo nalo si jibu. Kuna kanuni ya takwimu inayotumia namba tatu: ukifanya jambo mara nyingi bila tatizo hata moja, gawanya tatu kwa idadi hiyo, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho bado huwezi kukikana, kwa uhakika wa asilimia 95 hivi. Umeng'oa meno 3,000 bila balaa? Hongera. Ulichoonyesha ni kwamba balaa pengine halizidi moja kwa kila 1,000. Moja kwa 1,000 kwa upofu ni nyingi mno! Siamini kabisa kwamba ni nyingi hivyo, lakini mikono yangu peke yake haiwezi kulithibitisha hilo.

Tena mikono yangu si misafi. Miaka kadhaa iliyopita nilimdunga dada mmoja ganzi ya gego la juu la nyuma. Baada ya dakika chache akasema, "Daktari, mko wawili." Jicho moja lilikataa kugeuka kuelekea nje. Nilikuwa nimevuta bomba la sindano kuangalia damu kabla ya kusukuma, kama tulivyofundishwa, na damu haikuonekana. Nikamfunika jicho kwa pamba, nikamketisha, nikamwita mumewe asije akaendesha gari. Ikachukua saa moja na nusu, ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kazini, jicho likarudi. Je, niliandika kisa hicho? Sikuandika. Nilijiambia ni usumbufu wa kamati ya maadili na ridhaa, na kwamba Nairobi ni kijiji, mtu wa kisa adimu hujulikana hata ukimfunika uso. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kwa hiyo nikisema visa hivi ni vichache, mjue vinahesabiwa na watu kama mimi.

Kuna jingine ambalo vitabu hulipita haraka. Nikitaka kumtisha anayekataa kung'olewa, namweleza kwamba usaha wa chonge la juu unaweza kupanda kando ya pua hadi kwenye tundu la jicho, au kusafiri kwa vena hadi kwenye mfereji wa damu nyuma ya macho, ukagandisha damu huko na kuua. Ni kweli. Ila sehemu kubwa ya tunayojua kuhusu hilo nayo imetoka kwenye ripoti za visa! Naamini upande huu zaidi kwa sababu unarudiwa kila mahali na njia ya usaha inaonekana kwenye picha za skani. Lakini ni wangapi waliomeza vidonge vya duka la dawa, uvimbe ukashuka, wasirudi kwa yeyote? Namba ya chini haipo hapa pia.

Haya yote nilimweleza kijana, kwa ufupi zaidi. Nikamwambia na lingine: ganzi haishiki vizuri penye usaha, kwa hiyo itabidi nidunge juu zaidi, chini kidogo ya jicho. Mngeuona uso wake.

"Na wewe daktari, umewahi kuona aliyepata shida ya macho?"

"Mmoja. Aliona vitu viwili viwili, saa moja na nusu."

"Uliandika?"

Nikaanza kutafuta maneno. Mzee ndiye aliyeniokoa, kwa sauti ya mtu mwenye shavu la kilo moja: "Ng'oeni hili jino kwanza. Mtabishana mimi nikiwa nimelala."