Timu isiyopewa nafasi: maana yake kwenye fainali ya besiboli

Timu isiyopewa nafasi ni ile ambayo, ikipimwa na mpinzani iliyepangiwa, inaonekana kuwa na uwezekano wa kushinda ulio chini ya asilimia 50. Wamarekani huiita underdog. Usiichanganye na kibonde. Kibonde ni kibonde hata akicheza na nani, lakini timu isiyopewa nafasi inaweza kuwa kali sana, ila imekutana na kali zaidi. Washington Nationals wa 2019 walishinda mechi 93 kati ya 162 za msimu wa kawaida, na hakuna kibonde anayefika huko. Kwenye World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya Marekani, wakapangwa na Houston Astros waliokuwa na ushindi 107, na jina likawaangukia.

Hakuna chombo kinachotoa jina hilo rasmi. Waandishi hulisema na mashabiki hulirudia, lakini kipimo chenye namba ni odds za kampuni za kubeti. Aliyezoea mkeka wa soka hatapata shida, tena huku ni rahisi zaidi: besiboli haina sare, kwa hiyo hakuna X, ni odds mbili tu. Gawanya 1 kwa odds. Timu yenye 2.50 ina 0.40, yaani asilimia 40. Mpinzani wake mwenye 1.60 ana asilimia 62.5. Ukijumlisha unapata 102.5, na hiyo 2.5 iliyozidi ni ya kampuni, si ya timu yoyote. Ukitaka makadirio yaliyo safi, gawanya 40 kwa 102.5: inabaki kama asilimia 39. Wamarekani wenyewe huandika +150 badala ya 2.50, maana yake ukiweka dola 100 faida ni dola 150. Alama ya kujumlisha ni ya asiyepewa nafasi, ya kutoa ni ya mbabe, ingawa timu zikilingana sana zote mbili huweza kuwekewa ya kutoa.

Sasa, asilimia 40 ya mechi moja si asilimia 40 ya ubingwa. World Series huchezwa hadi timu moja ishinde mechi 4, kwa hiyo zinaweza kufika 7. Timu yenye asilimia 40 katika kila mechi ina kama asilimia 29 ya kutwaa kombe. Ingekuwa mechi 5 kwa wingi wa 3, ingekuwa na kama 32. Mechi 3 kwa wingi wa 2, kama 35. Kadiri mfululizo unavyorefuka ndivyo mbabe anavyofaidika. Hata hivyo 29 si ndogo: ni karibu mara 3 katika kila 10. Kosa la wengi ni kusikia "haipewi nafasi" na kuelewa "haiwezi".

Halafu kuna mrushaji anayeanza mechi, yaani yule anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Huyu ndiye anayeyumbisha odds kuliko mchezaji mwingine yeyote, na hawezi kuanza kila siku kwa sababu mkono wake unahitaji siku 4 au 5 za kupumzika. Ndiyo maana timu isiyopewa nafasi kwa mfululizo mzima inaweza kupewa nafasi usiku ule ambao mrushaji wake bora anaanza dhidi ya mrushaji wa nne wa mpinzani. Odds za kombe na odds za mechi ya leo ni vitu viwili, na anayesoma moja akidhani ni nyingine hupotea. Nationals walikuwa na Max Scherzer na Stephen Strasburg. Strasburg alipata ushindi katika mechi ya 2 na ya 6, Nationals wakatwaa kombe 4–3, na katika mechi zote 7 aliyeshinda alikuwa mgeni!

Jambo lingine ambalo jina halilionyeshi ni makosa ya siku yenyewe. St. Louis Cardinals wa 2006 waliingia mtoano wakiwa na ushindi 83 tu, wakawafunga Detroit Tigers wenye 95 kwenye World Series kwa mechi 4–1. Warushaji wa Tigers peke yao walifanya makosa matano ya kudaka na kutupa, moja kila mechi. Odds hazina namna ya kuliona hilo mapema.

Na pointi za mechi moja hazivuki kwenda nyingine. Kwenye World Series ya 1960 New York Yankees waliwashindilia Pittsburgh Pirates 16–3, 10–0 na 12–0. Jumla ya pointi za mfululizo ikawa 55 kwa 27. Pirates walishinda zile nne zilizobaki, 6–4, 3–2, 5–2 na 10–9, ile ya mwisho kwa pigo la Bill Mazeroski lililovuka ukuta.