Jozi ya nyaya kwenye stepa mota: maana yake

Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, ukimpa mota ya kawaida, ile ya nyaya mbili, hakuulizi neno. Anaigusisha betri, ikizunguka kinyume anabadilisha nyaya, kwisha. Mpe sasa mota iliyong'olewa kwenye fotokopi kuukuu iliyochoshwa na kazi za Barabara ya Nasser, kwa wachapishaji. Ina nyaya nne, pengine sita, na hakuna palipoandikwa chanya wala hasi. Anaigusisha betri, inashtuka mara moja, tak, halafu inaganda. Akijaribu kuizungusha kwa vidole inamgomea. Wengi husema imekufa, wakaiuza kwa kilo kama chuma chakavu.

Haijafa. Hiyo ni stepa mota, na kuganda ni sehemu ya kazi yake.

Anayeishika mara ya kwanza huuliza chanya ni waya upi. Swali hilo halina jibu hapa, kwa sababu kila waya unakuwa chanya kwa zamu na hasi kwa zamu. Swali lenye jibu ni hili: waya huu mwenzake ni upi?

Ndani ya mota ya nyaya nne mna koili mbili zisizogusana kabisa. Koili ni waya mwembamba wa shaba, uliopakwa vanishi na kuzungushiwa chuma mara nyingi. Mkondo ukipita, chuma kile kinakuwa sumaku. Kila koili ina ncha mbili zinazotoka nje, na ncha hizo mbili ndizo zinazoitwa jozi. Wapo wanaoiita fezi, na neno hilo humchanganya aliyezoea fezi tatu za umeme wa kiwandani. Mimi nashika "jozi", maana linasema kile mkono unachokitafuta.

Katikati ya mota kuna rota ya sumaku, sehemu inayozunguka na shafti. Bodi ya draiva, inayoiendesha mota, inapeleka mkondo kwenye koili ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza tena lakini kwa kugeuza mwelekeo, kisha ya pili kwa kugeuza vilevile. Kila badiliko linaivuta rota hatua moja, inasimama, inangoja. Rota ya mota nyingi za aina hii ina meno 50, na kila jino linapitwa kwa hatua nne; ndiyo maana mzunguko mzima ni hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa hatua. Chukua mashine ya kutotoa vifaranga. Trei ya mayai inatakiwa ilale nyuzi 45 upande huu, baadaye nyuzi 45 upande ule. Safari hiyo ya nyuzi 90 ni hatua 50 kamili. Ukiweka mkanda wa kupunguza mwendo mara tano, na trei iliyojaa mayai itakulazimisha uuweke, hatua zinakuwa 250. Huhitaji kifaa cha kupima trei imefika wapi, unahesabu tu.

Lakini hesabu hiyo inasimama pale jozi zilipo sawa. Ukichanganya, waya mmoja wa koili hii na mmoja wa koili ile, mota inanguruma na kutetemeka palepale kama boda iliyokwama kwenye tope.

Kuitafuta jozi si kazi ngumu. Weka mita kwenye omu, kipimo cha jinsi waya unavyozuia mkondo: nyaya mbili zikionyesha ukinzani mdogo, omu chache au makumi kadhaa, hiyo ni jozi, mita isiposoma kitu, hazina undugu. Kama huna mita, zungusha shafti kwa vidole huku nyaya zote ziko wazi, uzoee ulaini wake. Kisha gusanisha nyaya mbili, uzungushe tena. Shafti ikiwa nzito ghafla, umeipata jozi, kwa sababu umeme unaozalishwa na rota sasa una njia ya kupita na unaizuia. Waya mmoja una wenzake watatu tu, kwa hiyo majaribio hayazidi matatu. Rangi usizitegemee. Mota nyingi zinaunganisha nyeusi na kijani, nyekundu na bluu, lakini mota iliyong'olewa imeshapita mikono mingi.

Yenye nyaya sita ni ileile, ila kila koili imetolewa waya wa tatu katikati. Mita itakuambia: ncha hadi ncha ikisoma omu 60, ncha hadi katikati itasoma 30. Nyaya za katikati zifunge utepe uziache, utumie ncha tu. Ya nyaya tano inachosha zaidi, kwa kuwa nyaya zake za katikati zimeunganishwa humo ndani, na mita inaonyesha kila waya ni ndugu wa kila waya. Hiyo itafutie bodi ya ULN2003, ambayo huiendesha bila kugeuza mwelekeo wa mkondo.

Sasa bodi ya draiva. Hapa pana mtego ambao sijui kwa nini watengenezaji waliuacha. Kwenye bodi ndogo ya A4988 matundu ya mota yameandikwa 1A, 1B, 2A, 2B: namba ndiyo koili, herufi ni ncha. Kwenye DRV8825, inayofanana nayo kwa umbo na kuchomekwa mahali palepale, yameandikwa A1, A2, B1, B2: herufi ndiyo koili, namba ni ncha. Anayesoma haraka anaweka 1A na 2A pamoja, ndipo kunguruma kunapoanza. Kwenye L298N, draiva nyingine, jozi ya kwanza inaingia OUT1 na OUT2, ya pili OUT3 na OUT4.

Suala la mkondo ndilo linalounguza vitu. Mota iliyoandikwa 2.8 V na 1.68 A ina koili ya kama omu 1.67. Iunganishe na L298N kwa betri ya sola ya volti 12, na bodi hiyo haina cha kuuzuia mkondo: 12 gawa kwa 1.67 ni zaidi ya ampea 7, kwa bodi inayobeba 2 kwa kila koili. Moshi. A4988 inapokea volti 8 hadi 35 upande wa mota na inaukatakata mkondo wenyewe usipite kiwango ulichoweka, kwa hiyo betri ileile inafaa bila adapta. Kiwango hukiweka kwa kukizungusha kile kiskrubu kidogo cha kwenye bodi huku ukipima volti zake: zidisha 8 kwa ampea unazotaka kwa omu za kipingamizi kidogo kilicho kwenye bodi. Kisome kwanza. R100 ni omu 0.1, na kwa ampea 1 unatafuta volti 0.8, R068 ni omu 0.068, unatafuta kama 0.54. Mota isiyo na maandishi naianzishia nusu ampea, naongeza ikiruka hatua. Ukipita ampea 1, bandika kipozeo cha alumini juu ya chipu.

Weka pia kapasita ya maikrofaradi 100 karibu na mahali umeme wa mota unapoingilia, na unganisha graundi (upande wa hasi) ya bodi na ya Arduino, ile bodi ya kompyuta ndogo inayoiamuru draiva. Kisha usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka. Bodi yangu ya kwanza ilikwenda hivyo, kwa haraka ya kutaka kubadilisha jozi bila kuzima. Koili inayokatwa mkondo ghafla inarusha volti nyingi kurudi ilikotoka.

Zima, ndipo ubadilishe. Mota ikizunguka upande usioutaka, geuza ncha mbili za jozi moja tu. Ukigeuza za jozi zote mbili, utaiona inazunguka vilevile kama mwanzo.