Acheni kufomati: dhana potofu kuhusu programu za video zinazogoma kwenye TV

"Fundi, imegoma, na nimeshaifomati." Naisikia kauli hiyo kwa simu, kwa WhatsApp, na dukani kabla hata ya salamu kwisha. Mtu kafungua Netflix au YouTube, kaduara kakazunguka mpaka kakamchosha, na jambo la kwanza alilofanya ni kuirudisha stiki nzima, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye TV ili icheze programu hizo, kama ilivyotoka kiwandani. Ananiletea tupu, haina akaunti, haina Wi-Fi, na chochote ambacho kingenionyesha tatizo lilianzia wapi kimefutika.

"Ukifomati, kila kitu kinapona"

Kufomati kunafuta tu. Kinachofutika ni kile kilichomo ndani ya kifaa: programu ulizopakua, akaunti zako na mipangilio. Sasa kama tatizo liko nje ya kifaa, umefuta nini? Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda ikawa ya kusuasua. Kuna watu siku zile walifomati TV. Kebo imekatika chini ya Bahari ya Hindi, wao wanahangaika na rimoti sebuleni!

Kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wabishi. Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili, vifaa vya Google vya kurushia video kwenye TV, zile za duara za mwaka 2015 zenye kiwaya kifupi cha HDMI, ziligoma kwa pamoja dunia nzima. Ukijaribu kurusha video kutoka kwenye simu, unaambiwa kifaa hakiaminiki. Hakuna kilichokuwa kimeungua. Ni cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha kidijitali cha kuthibitisha kuwa kifaa ni halali, kilichowekwa humo tangu zamani, kilichokuwa na uhai wa miaka 10, na miaka hiyo ilikuwa imekwisha. Google wakasema waziwazi: msivirudishe kiwandani, subirini sasisho. Baada ya siku chache sasisho likaja, na vifaa vya watu waliotulia vikapona vyenyewe vikiwa nyuma ya TV. Waliofomati je? Kifaa kilishasahau Wi-Fi, kwa hiyo sasisho halikuwa na pa kupitia, na kukisajili upya kukagonga mwamba kwa sababu ya cheti kilekile. Hao ikawabidi wangoje mpaka programu ya Google Home kwenye simu nayo irekebishwe. Waliokaa bila kufanya lolote walitangulia kuangalia mpira kuliko walioshughulika.

Hasara haziishii hapo. Kwenye kifaa cha zamani, programu iliyokwishawekwa inaweza kuendelea kucheza vizuri tu, lakini ukiifuta na kwenda kuishusha tena, duka linakukatalia kwa sababu toleo la sasa linataka mfumo mpya zaidi. Kampuni ikiamua kuacha kukihudumia kifaa chako ndiyo basi tena: Netflix walipoziacha Fire TV za Amazon za kizazi cha kwanza Juni 2025, kufomati kusingezirudisha. Halafu kuna bando. Stiki iliyofomatiwa inashusha upya masasisho ya mfumo na kila programu, na kama unatumia hotspoti ya simu, kifurushi cha wiki kinaweza kwenda jioni moja. Na nenosiri! Wateja wengi hawajui hata akaunti ilisajiliwa kwa barua pepe ipi, kwa sababu aliyesajili ni kijana wa dukani siku ile ya kununua, na kijana mwenyewe alishahama.

Ninachowaomba ni kujibu maswali mawili kabla ya kugusa mipangilio. Programu nyingine kwenye TV hiyohiyo inacheza? Na programu inayogoma, ukiifungua kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo, inacheza?

Ikigoma kwenye TV na kwenye simu pia, huku nyingine zote zikicheza, basi tatizo ni la kampuni yenyewe au la akaunti yako. Angalia kama malipo yalipita, kisha kaa usubiri. Kama kila programu imegoma kwenye TV lakini simu iko sawa, shida ni namna kifaa kinavyopata Wi-Fi. Hapo washa hotspoti ya simu, unganisha TV dakika mbili, uone. Kipimo hiki cha hotspoti nakipenda kuliko vyote. Ikicheza kwa hotspoti, iache stiki, hamia kwenye rauta.

Ikigoma programu moja tu, na kwenye TV tu, hapo ndipo unaishughulikia programu hiyo: nenda kwenye mipangilio ya programu, isimamishe kwa lazima, futa kache (mafaili ya muda ambayo programu imejiwekea), angalia kama kuna toleo jipya. Bado? Futa data yake, ukijua kwamba utatakiwa kuingia upya. Bado? Iondoe uiweke tena, kama duka bado linaitoa kwa kifaa chako. Angalia pia tarehe na saa ya kifaa. Ikiwa inasoma mwaka mwingine, vyeti vyote vitaonekana batili na programu zitakataa kuunganika, hata intaneti ingekuwa nzuri namna gani. Na hifadhi: stiki nyingi zina GB 8 tu, na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. Ikijaa, programu zinaanza kujifunga zenyewe. Ondoa michezo ambayo watoto wameipakia humo.

Kufomati kunakuja baada ya hayo yote. Kwangu mimi ni mara chache sana tunafika huko.

"Nimezima na kuwasha, bado"

Umezima kwa rimoti. Rimoti inazima kioo na kukilaza kifaa, ile programu iliyoganda inabaki imeganda palepale. Chomoa waya wa umeme wa stiki, hesabu dakika, rudisha. Kwenye Fire TV unaweza kushikilia kwa pamoja kitufe cha katikati na cha kucheza kwa sekunde kama tano, inajiwasha upya.

"Nimeichomeka USB ya TV, umeme unatosha"

Tundu la USB 2.0 kikawaida limekusudiwa kutoa wati 2.5. Fire TV Stick inakuja na adapta ya wati 5, na Chromecast yenye Google TV ya 4K inataka 7.5. Taa itawaka, menyu itafunguka, halafu ukianza filamu nzito inajizima. Kisha unalaumu programu. Tumia adapta iliyokuja kwenye boksi lake.

"Nina Mbps 50, intaneti haiwezi kuwa tatizo"

Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K, kwa hiyo 50 zako zinatosha na chenji inabaki. Ila 50 hizo ulizipima kwa simu umesimama kando ya rauta. Stiki imebanwa nyuma ya TV, mbele yake kuna bati na kioo, na kati yake na rauta kuna kuta mbili za tofali. Kile kipande kifupi cha HDMI kinachokuja na Fire TV Stick, ambacho watu wanakitupa pamoja na boksi, kazi yake mojawapo ni kuitoa stiki hapo nyuma ipate mawimbi vizuri. Kitafuteni.

"VPN inaongeza kasi"

Kwa kawaida inapunguza, kwa sababu VPN inaizungushia intaneti yako kwenye kompyuta ya mahali pengine kwanza. Ukiwa na VPN na programu imegoma, zima VPN kwanza ndipo unipigie.

"Boksi langu ni 4K lakini Netflix ina ukungu, nibadilishe mtandao"

Usibadilishe. Maboksi mengi ya Android ya bei poa hayana ithibati, na Widevine, ulinzi wa Google wa kuzuia video zisinakiliwe, humo uko ngazi ya chini kabisa, L3. Kwa ngazi hiyo Netflix wanakupa picha ya kawaida tu, mistari 480, hata ukileta faiba mpaka mlangoni. Mengine yana balaa zaidi: Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, virusi vilivyokutwa ndani ya vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa vimeshaambukizwa kabla mteja hajafungua boksi.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji akufungulie Netflix palepale. Ukiona rimoti inaendesha kamshale kama ka kompyuta ili ubonyeze picha, hiyo ni Netflix ya simu iliyopachikwa kwenye TV. Mrudishie boksi lake, usitoe hela.