Meinifremu, seva, wekistesheni na kompyuta ya mtandao: tofauti iko wapi?

Lipo duka la steshenari Ngamiani, hapa Tanga, lenye kompyuta nne na printa moja. Printa imechomekwa kwenye kompyuta ya pembeni, kongwe kuliko zote, na zile tatu huituma kazi kwa waya. Kijana mmoja ninayemfundisha aliniuliza, "Mwalimu, ile ya pembeni nayo ni seva?" Nikamwambia ndiyo. Hakuridhika, maana picha alizoziona zote zinaonyesha seva kama masanduku bapa yaliyopangwa kabatini.

Nalipenda swali lile. Wengi wetu tumezoea kuyapanga majina haya kama ngazi, kubwa juu na ndogo chini, na hapo ndipo tunapopotea. Mimi huuliza hivi: mashine hii inamfanyia nani kazi, na ikizima, nani atakwama?

Seva hungoja maombi ya wenzake na kuyajibu: nipe faili lile, chapisha hili, nionyeshe ukurasa fulani. Zipo zinazoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Hizo huwa na njia mbili za kuingizia umeme, kumbukumbu inayogundua na kusahihisha makosa yake, na diski unazoweza kuzichomoa bila kuizima mashine. Lakini useva ni kazi kabla haujawa umbo. Seva ya kwanza ya wavuti, aliyoiwasha Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, mwishoni mwa 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT. Aliibandika karatasi yenye maandishi mekundu: mashine hii ni seva, isizimwe. Basi.

Na NeXT ile ilikuwa imeundwa kama wekistesheni, yaani mashine ya mtu mmoja mwenye kazi nzito. Mchoraji wa ramani za majengo, mhandisi, mhariri wa filamu: hawa wanahitaji prosesa kali (kichakataji, yaani sehemu inayopiga hesabu), kumbukumbu kubwa na kadi nzuri ya michoro. Kampuni ya Sun, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982, ilijijengea jina kwa mashine hizo. Siku hizi mpaka kati yake na kompyuta ya kawaida yenye nguvu umefifia sana. Anayeandika barua na kupiga hesabu za duka asiingie gharama hiyo.

Meinifremu, au kompyuta kuu, ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Watu hudhani ni mashine ya zamani iliyojaa chumba, ikafa. Haikufa. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia ya meinifremu iitwayo System/360, na uzao wake unatengenezwa hadi leo. Programu zilizoandikwa miaka hiyo bado zinaweza kufanya kazi juu ya mashine mpya. Benki kubwa nyingi duniani zinaitumia, kwa sababu nguvu yake ni miamala: huyu anatoa, yule anaweka, maelfu kwa sekunde moja, na hakuna shilingi inayohesabiwa mara mbili. Kazi ya kuingiza na kutoa data ina vichakataji vyake vya pembeni, ili prosesa kuu zisishughulike nayo. Prosesa ikiharibika, ya akiba hushika nafasi bila mteja kujua. Wala usiichanganye na kompyuta ya kutabiri hali ya hewa ya dunia nzima. Ile hupiga hesabu moja kubwa mno. Hii hupiga ndogondogo zisizo na idadi.

Nchini kwetu kompyuta ya kwanza ya Serikali, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa nayo ya aina ya mashine kuu, moja kwa ofisi nzima. Zama hizo mtumiaji wa mashine kuu, akiwa amepata bahati ya kukaa mbele ya skrini, alikuwa na kibodi na kioo tu. Akili yote ilikaa kwenye mashine kuu. Ukikata waya, mbele yako kunabaki kioo kitupu.

Kompyuta ya mtandao ni jambo jingine kabisa. Hiyo si aina ya mashine. Ni hali ya kuunganishwa. Wekistesheni ikiunganishwa ni ya mtandao, seva ni ya mtandao, na hata simu yako ni ya mtandao. Ina akili yake, na inaongeza tu uwezo wa kuwaomba wenzake.

Ili yule kijana aone mwenyewe, tulimwomba mwenye duka ruhusa tukaizima ile kompyuta kongwe kwa dakika tano. Zile tatu ziliendelea kuandika kama kawaida, na kila mtu akamaliza barua yake. Hakuna hata moja iliyoweza kuchapisha.